Persepolis: Mungu wa Kitabuni na Mungu wa Filamu

Jumamosi moja jioni tulitazama filamu ya Persepolis bwaloni, na ilipokwisha mafrateri wawili walibaki wakibishana. Mmoja alisema filamu hii inawachafua masista. Mwingine alisema inamchafua Mungu mwenyewe, maana inamchora kama mzee mwenye ndevu nyeupe anayezungumza na mtoto kitandani. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu ilikotoka filamu hiyo, nikaona kwamba hasira ya wote wawili ingepungua kama nao wangekisoma.

Persepolis ni kitabu cha katuni kilichoandikwa na kuchorwa na Marjane Satrapi, mwanamke aliyezaliwa Iran mwaka 1969 na baadaye akahamia Ufaransa. Kilitoka kwa Kifaransa katika juzuu nne, kati ya mwaka 2000 na 2003. Ndani yake anasimulia maisha yake mwenyewe: utoto mjini Tehran wakati wa mapinduzi ya 1979, vita na Iraq, ujana wa upweke mjini Vienna alikopelekwa na wazazi wake akiwa na miaka 14, kurudi nyumbani, ndoa iliyovunjika, na kuondoka tena. Mwaka 2007 yeye na mchoraji mwenzake Vincent Paronnaud walikigeuza kuwa filamu ya katuni, ikapata tuzo ya baraza la waamuzi katika tamasha la Cannes.

Kwa sura, filamu imekifuata kitabu kwa uaminifu mkubwa. Picha ni zilezile, nyeusi na nyeupe, za mistari minene na nyuso rahisi. Rangi zinatokea pale tu Marjane mtu mzima anapokaa uwanja wa ndege wa Orly akikumbuka yaliyopita. Satrapi alikataa kutumia waigizaji wa kawaida, kwa hoja kwamba mtazamaji angeona habari za watu wa mbali wasiomhusu, lakini uso uliochorwa unaweza kuwa wa yeyote. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi. Bibi yake, anayeficha maua ya asumini kifuani ili anukie vizuri, ungeweza kumkuta kwenye kibaraza chochote cha Mombasa au Bagamoyo.

Tofauti inaanza kwenye habari za Mungu. Kitabuni, Marjane akiwa na miaka sita ana hakika kwamba yeye ni nabii. Sababu zake ni nzito kwa umri ule: mtumishi wa nyumbani hali chakula mezani pamoja nao, baba ana gari la Cadillac, na magoti ya bibi yanauma kila siku. Usiku Mungu humjia, nao huongea. Mtoto mwenyewe anaona kwamba Mungu huyo amefanana sana na Karl Marx, ambaye picha zake alikuwa ameziona vitabuni. Frateri aliyekasirika akumbuke kwamba Nabii Danieli naye alimwona Mzee wa Siku mwenye nywele kama sufu safi, na makanisa mengi ya Ulaya yamemchora hivyo darini. Hata hivyo, jambo hili si dogo kwa kila mtu. Mwaka 2011 kituo kimoja cha televisheni nchini Tunisia kilipoionyesha filamu hii, kulizuka ghasia kwa sababu ya picha ya Mungu, na mwaka uliofuata mkuu wa kituo akatozwa faini.

Kisha mjomba Anoosh, mtu ambaye mtoto huyu alimpenda kuliko wote, anauawa na serikali mpya. Mungu anakuja usiku kama kawaida, na mtoto anamfukuza. Kitabu na filamu zote mbili zina tukio hilo, na zote mbili zinalifanya vizuri. Swali ni je, Mungu aliyefukuzwa anarudi kwa njia gani?

Filamu inajibu kwa ndoto. Marjane, amerudi kutoka Vienna akiwa amevunjika moyo kiasi cha kujaribu kuukatisha uhai wake, anajikuta mawinguni. Mungu anamwambia saa yake bado na amrudishe duniani. Pembeni Marx anaongeza neno kuhusu mapambano. Bwaloni watu walicheka hapo. Mimi nilimkumbuka Elia chini ya mti jangwani, aliyeomba afe akapewa mkate. Kitabuni mawingu hayo hayapo. Yupo tu mtaalamu wa tiba ya nafsi anayeshangaa kwamba mgonjwa wake bado yu hai, na kusema ni Mungu tu angeweza kumwokoa.

Lakini kitabu kina jibu jingine, na hilo filamu imeliacha kabisa. Marjane anataka kuingia chuo cha sanaa, na lazima ahojiwe kuhusu imani na mulla, yaani shehe wa huko. Anaulizwa kama alivaa hijabu Vienna. Anajibu kwamba hakuvaa, na kwamba kama nywele za wanawake zingekuwa tatizo kiasi hicho, Mungu angewaumba na vipara. Anaulizwa kama anajua kusali. Anakiri kwamba hajui sala za Kiarabu, kwa hiyo huzungumza na Mungu kwa Kiajemi, lugha anayoielewa. Anatoka akiwa na hakika kwamba ameshindwa. Baadaye anaambiwa kwamba mulla yule alimpitisha kwa sababu hakusema uongo.

Ukiondoa ukurasa huo, karibu kila mtu wa dini anayebaki ni mkali au mnafiki. Filamu ya dakika 95 haiwezi kubeba juzuu nne, hilo naelewa. Ila kilichokatwa kina mwelekeo.

Masista nao yamewapata hayohayo. Mjini Vienna Marjane anaishi katika hosteli ya masista, na siku moja anakula tambi kwenye sufuria mbele ya televisheni. Mama Mkuu anamkemea na kuwatukana Wairani wote kwamba hawana malezi. Msichana anamrudishia tusi zito zaidi kuhusu masista wote, anafukuzwa. Filamu imelitunza tukio hili, na ni kweli linachoma. Kilichoachwa ni Krismasi iliyotangulia: Lucia, msichana aliyeshiriki naye chumba hapohapo hostelini, alimchukua hadi kwao Tyrol milimani, na wazazi wake wakampokea mgeni huyo Mwislamu kama binti yao. Kitabuni mtu anapigwa na Wakatoliki baada ya kukumbatiwa na Wakatoliki, na ndivyo maisha yalivyo. Kwenye filamu anapigwa tu.

Kwa hiyo frateri wa kwanza alikuwa na nusu ya haki, ila aliyemkosea si Satrapi wa kitabuni.

Anayetaka kuionyesha kwa vijana wa parokia (si kwa watoto, kuna vifo na lugha chafu) namshauri aazime kitabu kwanza, na awasomee kwa sauti ukurasa wa mulla na ule wa Tyrol kabla ya kuzima taa.