Pijo 504 au Porsche 911 SC: Anza na Bodi

Mwaka 1978 dereva Mfaransa Jean-Pierre Nicolas alishinda mashindano mawili makubwa kwa magari mawili tofauti. Januari alitwaa Monte Carlo akiwa na Porsche 911. Wakati wa Pasaka alitwaa Safari Rally ya Kenya akiwa na Peugeot 504 ya milango miwili, injini ya V6. Vic Preston Mdogo wa Kenya alishika nafasi ya pili na Björn Waldegård wa Sweden ya nne, wote kwa Porsche 911 SC. Kasi Porsche ilikuwa nayo. Hitilafu za njiani ndizo zilizoiangusha.

Je, mkusanyaji wa magari ya kale anayeishi Malolo, wilayani Ruangwa, afuate matokeo hayo? Si moja kwa moja. Gari la mashindano huhitaji kustahimili siku chache. Gari la kutunza linatakiwa lidumu miaka 30 mingine.

Pijo hili la milango miwili lilitoka mwaka 1969, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia, na likaundwa hadi 1983, takriban magari 23,000. Chini ni 504 ile ile tuliyoizoea kama teksi: springi laini ndefu zinazomeza mashimo. Hapo ndipo nguvu yake ilipo kwenye njia ya kwenda Nachingwea. Lakini usidanganyike kwamba kila spea ya 504 itaingia. Miguu yake ya nyuma inajitegemea, kwa hiyo ekseli ya pikapu haifai. Milango, vioo, taa na mabati ni vya kwake peke yake, tena ni adimu. Na bodi hiyo huliwa na kutu vibaya sana.

Porsche 911 SC, ya mwaka 1978 hadi 1983, ina injini ya lita 3 iliyokaa nyuma. Uzito huo hukandamiza matairi yanayosukuma, hivyo hukamata vizuri kwenye tope. Haina rejeta, inapozwa kwa upepo na oili. Malori ya korosho yakitimua vumbi mbele yako, safisha chujio la hewa na kipoza oili mara kwa mara. Udhaifu wake unaojulikana ni vikaza cheni vya injini. Vikilegea, injini huweza kufa. Faida yake kubwa ni bodi iliyopakwa zinki dhidi ya kutu, na kiwanda bado kinauza spea, ingawa kwa bei kali.

Kwa hiyo sifa zinageuka. Lililoshinda barabarani ndilo gumu zaidi kulitunza gereji, na lililoshindwa ndilo rahisi kulirudisha katika hali yake. Injini ya Pijo fundi mzuri ataifufua. Ubavu uliooza hauna duka.

Ushauri wangu ni huu: nunua Pijo ikiwa tu umepata lenye bodi nzima, hata kama injini imekufa. Usipolipata, weka akiba ununue SC. Kabla ya kulipa, ingia uvunguni na tochi, gonga sakafu, kingo za milango na sehemu zinaposhikiliwa springi. Sauti ya bati zima utaitambua, na hapo ndipo uanze kuzungumza bei.