Azteca, okestra iliyoushinda mfuko wake

Karibu kila mpenzi wa gitaa anamjua Carlos Santana. Azteca wanajulikana na wachache, ingawa makundi hayo mawili yalitoka eneo moja la California na yalirekodi kwa kampuni moja, Columbia.

Mwaka 1972, ndugu wawili wa Oakland, Coke na Pete Escovedo, walitoa albamu yenye jina la kundi lao: Azteca. Hawakuwa wageni katika kazi hiyo. Miaka ya 1960 walikuwa wakipiga jazi ya Kilatini pamoja na ndugu yao Phil, na Coke alishiriki katika albamu ya tatu ya Santana, ya mwaka 1971. Walipoanzisha kundi lao walitaka muziki mpana zaidi: tarumbeta, saksofoni, kinanda, ngoma za kila aina, waimbaji kadhaa, akiwemo mwanamke, Wendy Haas. Wanamuziki walizidi 15, na idadi ilikuwa ikipanda hadi karibu 25.

Wingi huo unasikika. Kwa Santana gitaa ndilo linaloongoza mazungumzo. Kwa Azteca linasubiri zamu yake, hata likiwa mikononi mwa Neal Schon, kijana wa Santana aliyealikwa studio. “Mamita Linda” unaimbwa kwa Kihispania na unaita watu kucheza. Nyimbo nyingine zinaelekea soul au jazi. Kuna wanaosema albamu haina mwelekeo. Sikio lenye subira litasikia besi ya Paul Jackson na dramu za Lenny White zikiishikilia yote.

Lakini kusafirisha watu wengi namna hiyo, kuwalaza, kuwalisha na kuwalipa ni mzigo ambao wenye okestra za Kinshasa wanaujua vizuri. Baada ya albamu ya pili, Pyramid of the Moon, mwaka 1973, kundi lilisambaratika. Jackson alikwenda kwa Herbie Hancock na kupiga besi kwenye Head Hunters. White akaingia Return to Forever. Schon akaanzisha Journey na wenzake. Coke alifariki mwaka 1986.

Binti yake Pete alipiga konga na Azteca akiwa na miaka 15. Ngoma hiyo ya Kuba ina asili kwa Wakongo waliopelekwa huko utumwani. Baadaye msichana huyo alipiga muziki na Prince, na dunia ikamjua kama Sheila E.