Muziri na ragoge mbele ya kamera ndogo

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wanaopakia magunia ya muziri na ragoge kutoka Ziwa Albert, wakayapitisha Arua na Koboko kuelekea Ariwara na Kaya, wanawajua samaki hao kwa uzito, kwa harufu na kwa mchanga walioanikwa juu yake. Rangi zao ni wachache wanaozijua. Ndani ya gunia wote ni wa kijivu.

Lakini ragoge aliye hai ana mapezi yenye wekundu na doa jeusi karibu na mkia. Yeye na angara ni wa ukoo mmoja, na wakishakauka si rahisi kumtofautisha ragoge na angara mchanga. Kwa mwenye mzigo tofauti hiyo ni fedha, maana samaki wachanga hukamatwa njiani.

Kifaa cha kuionyesha tofauti hiyo ni kamera ndogo ya mfukoni, ile iliyowekwa kando simu zilipoanza kupiga picha. Baadhi ya waliorejea nyumbani walikuja nayo mabegini. Itazame vizuri utaona kitufe chenye alama ya ua. Ukikibonyeza, lenzi huona sawasawa kitu kilicho umbali wa sentimita chache tu.

Wapo wanaozama nayo baharini. Huko Watamu, Pemba na Mafia, wazamiaji wenye mitungi ya hewa huifunga ndani ya kasha lisilopitisha maji, wakampiga picha konokono asiye na gamba, mdogo kama ukucha. Husogea karibu mno, na sababu si udogo wa kiumbe peke yake. Maji hula rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuliwa. Kufika mita 10, kitambaa chekundu huonekana kama cha kijivu. Taa ya kamera huirudisha rangi hiyo, lakini kwa umbali mfupi tu.

Anayetaka kununua kasha la mitumba ajihadhari. Kamera iliyoandikwa kwamba yastahimili maji hadi mita 10 si ya mzamiaji anayeshuka mita 20. Huyo anahitaji kasha. Na kasha lina mpira mwembamba pembeni. Unywele mmoja ukilala juu yake, maji huingia na kamera imekwisha. Kabla ya kulipa, tia karatasi ya chooni ndani ya kasha tupu, ulizamishe katika ndoo nusu saa. Karatasi ikitoka na unyevu, mrudishie mwenyewe mali yake.

Msomaji atauliza picha ya samaki mdogo ina faida gani. Jibu liko Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara, ambaye ni mwenyeji wa Ziwa Albert, alichukuliwa akapandwa Victoria. Huko kulikuwa na furu, samaki wadogo wanaokadiriwa kufikia aina 500. Katika miaka ya 1980 sangara alienea kwa kasi, na takriban aina 200 za furu zikatoweka. Nyingine zilipotea kabla ya kupewa jina, sembuse kupigwa picha zikiwa hai.

Sangara hakuwa peke yake katika madhara hayo. Mwaka 1997, mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yalipochafuka, furu jike walishindwa kuona rangi za madume, na aina zikaanza kuchanganyika. Mmoja wa furu hao wenye rangi kali anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei, jina la Kiswahili likiambatana na la Mwalimu Nyerere.

Huku kwetu hakuna haja ya kuzamia, na wala haishauriwi. Ziwa Albert na Nile vina mamba, viboko na kichocho. Watafiti wa samaki hutumia njia nyingine: kisanduku chembamba cha vioo kilichojazwa maji safi. Samaki hutiwa humo, kioo cha pili kikamsogeza taratibu hadi asiweze kugeuka. Kamera hubaki nje, kavu. Zima taa yake isirudishe mng'ao wa kioo, uelekeze mwanga wa jua kutoka ubavuni, na uweke rula kando ili ukubwa ujulikane.

Kwa ragoge kazi hiyo ni nyepesi. Muziri ndiye msumbufu. Huvuliwa usiku kwa taa na hufa upesi, hivyo kisanduku lazima kiwe tayari mitumbwi inapotia nanga alfajiri, kabla samaki hawajamwagwa mchangani. Mpige ubavuni, kichwa kikielekea kushoto kama wafanyavyo wataalamu, kisha andika tarehe na jina la mwalo.