Mama Anayevuja Mkojo na Karatasi ya Utafiti

Siku moja mwuguzi atakuja kando ya kitanda chako na karatasi mkononi. Atasema, "Mama, katika hospitali hii tunafanya utafiti. Unapenda kuingia?" Wamama wengi wakisikia neno hilo wanaogopa. Wanasema moyoni, "Wanataka kunijaribia dawa kama panya." Wengine wanatia kidole katika wino upesi, kwa kuwa wanafikiri kwamba wakikataa watafukuzwa. Wa kwanza na wa pili, wote hawajaelezwa vizuri. Basi, soma maneno haya polepole.

Tuchukue ugonjwa mmoja unaojulikana sana katika nchi yetu ya Kongo, ugonjwa wa kuvuja mkojo. Waganga wanauita fistula. Unatoka wapi? Mama anashikwa na uchungu wa kuzaa. Siku inapita, usiku unapita, mtoto hatoki. Kichwa chake kimekwama kati ya mifupa ya nyonga. Kibofu cha mkojo kinabanwa kati ya kichwa kile na mfupa, kama nguo iliyobanwa na mlango. Damu haifiki mahali pale, na nyama isiyopata damu inakufa. Mara nyingi mtoto naye anakufa. Baada ya siku chache nyama iliyokufa inaanguka, na tundu linabaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tangu hapo mkojo unatoka wenyewe, mchana na usiku.

Si uchawi. Si adhabu ya uzinzi. Wala hauambukizi mtu. Anayemfukuza mama huyo nyumbani, au kumketisha peke yake nyuma kabisa ya kanisa, anamtesa mtu ambaye alichelewa tu kufika hospitali, na mara nyingi si yeye aliyejichelewesha. Upande wa mashariki wa Kongo wanawake wengine walipata tundu la namna hii kwa kutendewa jeuri na watu wenye silaha, nao hawana kosa lolote. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Mganga Denis Mukwege, imewapasua wengi wa namna zote mbili.

Tena, kama mkojo umeanza kuvuja juzi tu, usingoje. Mpira wa mkojo ukitiwa mapema na kuachwa wiki kadhaa, tundu dogo linaweza kujifunga bila kisu.

Tundu la zamani linataka kupasuliwa. Mganga anashona, kisha anaacha mpira ndani ili kibofu kikae kitupu na mshono usivutwe. Hapa ndipo waganga walipokosa kupatana. Mpira ukae siku ngapi? Wengine waliutoa upesi, wengine baada ya wiki mbili, wengine waliuacha wiki tatu. Kila mmoja alifuata desturi ya mwalimu wake. Kwa mama kitandani hilo si jambo dogo. Siku saba zaidi ni siku saba za kulala na mpira, mbali na watoto, na ndugu anayekupikia amekaa uani hajalima. Na kwenye kibaraza mama mwingine anangoja kitanda chako.

Utawezaje kujua nani ana haki? Fikiri shamba. Mtu akipanda mbegu mpya ya maharagi bondeni penye maji, na ya zamani mlimani penye mawe, kisha asifu mbegu mpya, utamcheka. Ndivyo ilivyo kwa waganga pia. Mganga akichagua mwenyewe, atawaachia mpira muda mrefu wale anaowaona dhaifu, na hesabu itaharibika. Kwa hiyo wanapiga kura. Si mganga anayechagua, wala si mgonjwa.

Mwaka 2012 na 2013 kazi hiyo ilifanywa katika hospitali nane za nchi nane za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa moja. Wanawake 524 walikubali. Wote walikuwa na tundu la namna nyepesi, na siku ya saba mshono wao ulikuwa bado umefungika. Ndipo kura ikapigwa: 261 wakatolewa mpira siku ile, na 263 wakaendelea mpaka siku ya 14. Miezi mitatu baada ya kupasuliwa wakaangaliwa. Kati ya 250 wa siku 7, mshono ulikuwa umefunguka kwa 10. Kati ya 251 wa siku 14, ulikuwa umefunguka kwa 8. Tofauti ni ndogo sana, hata haistahili kumlaza mtu wiki nzima zaidi. Habari ilitangazwa mwaka 2015, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri siku 7 mpaka 10 kwa tundu jepesi. Tundu kubwa au gumu ni neno lingine; huyo amsikilize mganga wake.

Lakini hofu yako ya panya haikutoka hewani, wala sitaki kukudanganya. Kati ya mwaka 1845 na 1849, huko Montgomery katika Marekani, mganga James Marion Sims alijifunza kushona tundu hili juu ya wanawake weusi waliokuwa watumwa. Majina ya watatu tunayajua: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa karibu mara 30, bila dawa ya usingizi. Ruhusa ilitoka kwa mabwana wao, na mtumwa hakuwa na njia ya kukataa. Sims akapata sifa na sanamu. Sanamu yake iliondolewa katika Central Park, New York, mwaka 2018. Mshono tunaoutumia umetoka katika uchungu wa wale mama.

Ndiyo sababu leo kuna karatasi. Kabla ya kutia kidole, uliza: Mnatafuta nini? Nitafanyiwa nini ambacho mwingine hafanyiwi? Kuna hatari gani? Nani atalipa safari nikirudi baada ya miezi mitatu? Nikisema hapana, nitapasuliwa vilevile? Jibu la neno la mwisho lazima liwe ndiyo. Ukikubali leo, unaweza kukataa kesho, na hakuna mwenye ruhusa ya kukukasirikia. Kama hujui kusoma, mwite mtu wako unayemwamini, si wa hospitali, akusomee yote kwa lugha ya nyumbani. Mwuguzi atangoje.