Pesa za wazee: afungwe nani?

Uzi mfupi, jamani. Kila msimu wa siasa lazima atokee mtu jukwaani apaze sauti: "Anayekula pesa za wazee afungwe!" Makofi. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Pate, na nauliza tu: afungwe nani hasa?

Inua Jamii inampa mzee wa miaka 70 kwenda juu shilingi 2,000 kwa mwezi. Watoto yatima na wenye ulemavu mkali wamo pia. Lakini haziji kila mwezi. Zinachelewa, kisha zinaingia za miezi kadhaa kwa mpigo.

Sasa chukua mzee wa Kizingitini ama Ndau. Macho hayaoni, simu hajui kuibonyeza, na akitaka ofisi ni boti mpaka Amu, nauli yake na ya anayemshika mkono. Ndiyo maana mpango unamruhusu kuwa na mlezi wa kumchukulia. Walezi wema ni wengi, wallahi. Ila yuko anayemwambia bibi "bado hazijaingia", na zimeingia tangu Jumatatu. Bibi anaamini, kwa sababu serikali imemzoesha kungoja. Kuchelewa kwa pesa ndiko kunakomficha mwizi.

Halafu kuna mwenye duka. Bibi yangu alikopa unga na mafuta, kitambulisho na laini ya simu vikabaki dukani "kwa usalama", na namba ya siri akampa. Tulipoitisha daftari, hesabu haikusomeka.

Mnasema hakuna sheria? Ipo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inaadhibu wizi, na kujipatia mali kwa udanganyifu, mpaka miaka 3 jela kila kosa. Katiba kifungu cha 57 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Tatizo ni kuthibitisha. Bibi alitoa namba kwa hiari yake, na mkopo ulikuwa wa kweli. Utamwambia nini hakimu?

Kwa hivyo mimi naunga mkono kosa moja mahsusi: kushika kitambulisho, laini au namba ya siri ya mnufaika kama rehani, hata akiwa amekubali mwenyewe. Hilo linathibitika. Kitambulisho kiko kwenye droo yako ama hakiko.

Kwa mjukuu sina hakika na jela. Bibi hatampeleka polisi anayemchotea maji. Afadhali mlezi abadilishwe kijijini, bila safari ya boti, na chifu atangaze siku pesa zinapoingia, hata msikitini baada ya Ijumaa. Bibi akishajua siku, "bado" haina kazi tena.

Basi akija mtu wa kura na hiyo "afungwe" yake, muulize kama mwenye duka yumo kwenye hiyo sheria, ama ni mjukuu peke yake.

Kitambulisho cha bibi tulikitoa kwa kulipa 1,300. Laini mpaka leo tunaambiwa imepotea.