Umeme Huonya Kabla ya Kudhuru

Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza mradi wa kuwapelekea umeme watu wakaao karibu na transfoma, yaani katika umbali usiozidi mita 600. Ada ya kuunganishiwa ilipunguzwa kutoka Sh. 35,000 hadi Sh. 15,000, na wasioweza kulipa kwa mara moja waliruhusiwa kulipa kidogo kidogo. Nuru ikaingia katika nyumba za wakulima wengi, na katika sehemu za miwa na mahindi kama Navakholo, katika kaunti ya Kakamega, taa ya mafuta iliyowatia watoto moshi machoni ikaanza kuwekwa kando.

Lakini kila neema ina masharti yake. Umeme uingiao nyumbani una nguvu ya volti 240, nayo yatosha kumwua mtu mzima mwenye afya. Jambo la faraja ni kwamba mara nyingi hatari hii hutanguliwa na ishara. Dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye nyumba azijuaye dalili za umeme hupata nafasi ya kuiokoa jamaa yake.

JOTO, HARUFU NA SAUTI

Kifuniko cha swichi au soketi hakipaswi kuwa cha moto. Kikipata joto, kikigeuka rangi ya kahawia, au kikitoa harufu ya plastiki inayoungua, maana yake ni kwamba waya umelegea ndani, au umebebeshwa mzigo usiouweza. Mahali palipolegea umeme hupita kwa shida. Shida hiyo huzaa joto, na joto huzidi kulegeza. Sauti ya kutatarika kama mafuta kikaangoni ina maana iyo hiyo: cheche zaruka mahali zisipoonekana. Moto waweza kuanzia hapo, usiku, wenyewe wamelala.

Mzigo waweza kupimwa kwa hesabu ndogo. Soketi ya kawaida imetengenezwa ili ibebe ampea 13. Birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na pasi ya wati 1,200 huvuta ampea 5. Vikichomekwa pamoja katika waya mmoja wa ekstensheni, mpaka umekwisha kupitwa.

TAA ZINAPOFIFIA

Taa zikififia au kupepesa, mwenye nyumba atazame kwanza kwa majirani. Ikiwa zao pia zafifia, kasoro iko katika laini ya nje, na yafaa Kenya Power waarifiwe kwa simu namba 97771. Ikiwa ni nyumba moja tu, kasoro iko humo ndani au katika waya uletao umeme kwenye mita. Lakini taa zote zikiwaka ghafula kwa ukali kupita desturi, swichi kubwa izimwe mara moja, kwani huenda waya wa nyutro umekatika.

MSISIMKO MKONONI

Mtu akihisi msisimko anapogusa jokofu, pasi au ukuta wa mabati, asifanye mzaha wala asizoee. Umeme umevuja. Panya hutafuna waya darini, na waya uliochubuka ukigusa bati, paa zima laweza kushika umeme. Kamba ya chuma iliyofungwa kwenye paa hilo huwa mtego kwa mama anayeanika nguo zilizolowa.

Kinga ya hatari hii ni waya wa arthi, ushukao hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini kando ya nyumba. Jembe likiukata waya huo wakati wa palizi, taa zitaendelea kuwaka kama kawaida, lakini kinga imekwisha. Kwa hiyo ni wajibu kuukagua kila msimu wa kulima.

Swichi ya usalama ijizimayo mara kwa mara haina makosa. Yatimiza kazi yake. Mtu anayeifunga isijizime, au anayeweka msumari mahali pa fyuzi, amemziba mlinzi mdomo huku mwizi akiingia. Tena uniti za mita ya tokeni zikiendelea kupungua baada ya vyombo vyote kuchomolewa na taa kuzimwa, kuna mahali umeme unapovuja.

LA KUFANYA

Kwanza, swichi kubwa izimwe. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Mchanga mkavu wafaa. Aliyenaswa na umeme wa nyumbani asishikwe kwa mkono kabla umeme haujazimwa. Ikishindikana kuuzima, asukumwe kwa mti mkavu. Waya wa nguzo ulioanguka usikaribiwe kabisa, hata kwa mti. Na kwa kuwa radi hupiga sana Kakamega, hasa alasiri, vyombo vichomolewe mawingu yanapoanza kukusanyika, wala si wakati ngurumo iko juu ya paa.

Kisha aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, naye aombwe kuionyesha leseni hiyo kabla ya kugusa waya. Fundi wa njiani huenda akatoza kidogo, lakini kazi yake mbaya hujificha ndani ya ukuta, na gharama yake hujulikana siku nyumba inapoungua.