Damu Isiyokatika: Swali la Swala na Swali la Afya

Mama mmoja alitujia baada ya darsa ya alasiri akiwa na binti yake wa miaka 17. Swali lao lilikuwa la twahara: binti anaona damu kwa siku 23 mfululizo, je, aswali? Tukawajibu kama tulivyosomeshwa chuoni. Katika madhehebu ya Imam Shafi, hedhi haivuki siku 15. Ikivuka, mwanamke huyo ana istihadha, na hesabu ya siku zake hurejeshwa kwenye ada yake au kwenye sifa za damu yenyewe. Baada ya kuoga ajisafishe, ajifunge, atawadhe kwa kila faradhi wakati wake unapoingia, na aswali. Wakashukuru, wakaenda zao. Miezi michache baadaye tukapata habari kwamba binti yule alianguka darasani, akalazwa na kuongezwa damu. Jawabu letu lilikuwa sahihi kifiqhi, lakini lilikuwa pungufu, na tangu siku ile hatumjibu mtu swali hili bila ya kumuuliza hali ya mwili wake.

Na upungufu ule haukuwa wa sheria. Bibi Fatima binti Abi Hubaysh (r.a.) alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba hatwahiriki, aliambiwa kuwa ile si hedhi bali ni mshipa. Basi swala ina hukumu yake, na mshipa una tiba yake.

Mara nyingi chanzo ni homoni, yaani kemikali ambazo tezi za mwili huzimimina katika damu ili zipeleke amri kwenye viungo vingine. Kila mwezi istrojeni hujenga utando ndani ya mji wa mimba, na yai likishatoka, projesteroni huja kuutuliza na kuushikilia. Yai lisipotoka, projesteroni hupungua. Utando huzidi kunenepa hadi unabomoka bila ya mpango, na damu hushuka siku zisizo na hesabu. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, miaka miwili au mitatu ya mwanzo huwa na kuyumba kwa namna hiyo, na kwa mama anayekaribia kukoma hedhi pia. Lakini hata kwao, damu nyingi si ya kuvumiliwa tu.

Iko hali nyingine ambayo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata wanawake wapatao 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Ovari huwa na vifuko vidogo vidogo, hedhi hukaa miezi bila ya kuja kisha hufurika, ndevu huota kidevuni, na chunusi hazishi. Pamoja na hayo, insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa, na ngozi ya shingo na makwapa hupiga weusi mzito. Tumesikia akina mama wakiwasugua binti zao kwa dodoki na kuwagombeza kuwa hawaogi. Weusi huo si taka, wala hautoki kwa sabuni. Tezi ya shingo nayo ikilegea, mtu huona baridi watu wengine wanapoona joto, huchoka, hunenepa, na damu yake ya mwezi huzidi.

Jikoni mna msaada mkubwa, hasa kwa mwenye uzito uliozidi. Mwanamke wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 tu, huenda hedhi yake ikarudi katika njia yake. Hatusemi mahamri yaharamishwe! Tunasema chai ya vijiko vitatu vya sukari, mahamri manne asubuhi, na viazi vya karai jioni ni mzigo kwa insulini iliyokwisha kuchoka. Samaki, kunde, mbaazi na mchicha ni vyakula vyetu vya siku zote. Aliyepungukiwa na damu akamulie ndimu chakulani na aiweke chai mbali na mlo, kwani chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kutembea kwa miguu kila siku na kulala mapema baada ya Isha pia ni dawa.

Ama chupa zinazouzwa kwa jina la kusafisha homoni bila ya maandishi ya kilichomo, tunawanasihi mziache. Uwatu na habbasoda ni vyema katika chakula, lakini uwatu hushusha sukari, kwa hiyo anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari wake. Na anayemwagika damu asiumikwe chuku.

Si kila damu ni ya homoni. Huenda ni mimba inayoharibika, uvimbe, au sindano ya kupanga uzazi. Anayejaza pedi kila saa kwa saa kadhaa, anayeona kizunguzungu au kuhema kwa kupanda ngazi, na aliyekwisha kukoma hedhi kisha akaona hata tone, aende hospitali bila ya kungoja. Akipatikana daktari mwanamke ndiyo bora. Asipopatikana, dharura inaruhusu. Waume wafuatane na wake zao, na panapokuwa na shida ya uzazi wapimwe nao pia, kabla ya kuanza maneno ya kuoa mke wa pili.

Kalenda ya nyakati za swala iliyotundikwa ukutani yatosha kwa kuanzia. Binti atie alama ndogo siku damu inapoanza na siku inapokatika, alama ambayo yeye na mamake pekee wanaijua. Miezi mitatu ya alama hizo hutusaidia sisi katika fatwa na humsaidia daktari katika uchunguzi. Yule binti wa siku 23 sasa anatumia dawa na anayo kalenda yake. Mwezi uliopita mamake alituletea tuitazame: siku sita.